Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Msikiti Wetu Uliobomolewa

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Msikiti,
Wadhamini wa Wakfu,
na Wakuu wa ofisi za serikali wilayani zinazoshughulika na ardhi, ujenzi na mambo ya kale.

YAH: KUBOMOLEWA KWA MSIKITI WETU WA ZAMANI NA HATIMA YA MASALIO YAKE

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa, masheikh wetu na wazee wetu,

Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za faragha zimekwisha. Tulianza kwa kuzungumza nanyi barazani baada ya Isha, kama wanavyozungumza watu wa mtaa mmoja. Ikafuata barua yenye sahihi za waumini, tukaileta kwa mkono, ikapokewa vizuri na haikujibiwa. Tulipokwenda serikalini tukaambiwa mambo ya msikiti ni ya Waislamu wenyewe. Tuliporudi kwenu mkatuambia kibali cha ujenzi kimetoka serikalini. Tukiwa bado katika nenda rudi hiyo, ukuta wa kibla ukaangushwa.

Jina la msikiti, la mtaa na la mtu yeyote sikuliandika. Wanaohusika wanajijua. Ninachotaka ni majibu, na sina haja ya kumvunjia mtu mzima heshima mbele ya wanawe.

Kwa msomaji asiyeufahamu: ulikuwa msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake ya boriti za mikoko, bila mnara, kama ilivyo misikiti mingi ya zamani ya pwani hii. Muadhini alipanda ngazi za nje akaadhini juu ya dari. Mihrabu, ile sehemu ya ukuta wa kibla anaposimama imamu, ilichongwa kwa tumbawe laini, lile linalotolewa baharini likiwa bichi na kuchongwa kabla halijakauka likawa gumu, na ukingo wake wote ulizungushiwa nakshi ya kamba iliyosokotwa. Upande wa kushoto, usawa wa bega la mtoto, fundi aliukosea msokoto ukageukia kinyume kwa urefu wa shubiri moja, kisha akaurudisha. Sisi tuliosoma chuo cha Qurani pale tulipajua vizuri kwa vidole. Karibu na birika palikuwa na mawe ya mviringo yaliyopandwa sakafuni, ya kusugulia nyayo kabla ya kuingia, nayo yalikuwa yamelika katikati kwa miguu ya watu ambao hatutawajua majina mpaka siku ya Kiyama.

Leo mahali hapo pana shimo la msingi na nondo. Malalamiko yetu ni haya.

1. Uamuzi haukuwa wenu peke yenu

Msikiti ule ni wakfu. Aliyeuweka aliutoa katika mali yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na anayeusimamia amekabidhiwa amana tu. Hili ninyi masheikh ndio mliotufundisha. Mlitufundisha pia kwamba sharti la mwekaji wakfu lina nguvu kama nassi, yaani matini yenyewe, ya sharia, na kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii tunayoifuata hapa pwani msikiti hauuzwi hata ukianguka wenyewe. Sasa tunauliza: hati ya wakfu ilisomwa na nani kabla ya katapila kuletwa? Ukoo wa mwekaji wakfu, ambao baadhi yao wanaishi hatua chache kutoka hapo, uliulizwa? Kikao kilichokata shauri kilikaa lini, walihudhuria nani, na muhtasari wake uko wapi? Sisi tulisikia tangazo la kuchangia saruji. Tangazo la kubomoa hatukulisikia, ila tulipokuta mikeka imekunjwa na kutolewa nje.

2. Sheria ya nchi

Hapa naziomba ofisi za serikali zisome kwa makini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa Tanganyika kabla ya mwaka 1863. Ulinzi huo hausubiri jengo litangazwe kwenye Gazeti la Serikali wala libandikwe kibao mlangoni. Umri wake unatosha. Sheria hiyohiyo inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa nakshi kabla ya mwaka 1940. Juu ya mlango wa msikiti wetu palichongwa mwaka wa Hijria, na ukiuhesabu kwa Miladi unaangukia kabla ya 1863. Mwaka ule kila mtu aliweza kuusoma. Kwa hiyo jengo lilikuwa chini ya ulinzi wa sheria, na mlango wake pia. Aliyetoa kibali cha ujenzi aliliona jengo lililosimama pale? Kama aliliona, alimuuliza mtaalamu yeyote wa mambo ya kale? Kama hakufika kabisa, alitia sahihi juu ya nini?

3. Hakuna aliyepima wala kupiga picha

Jengo la umri ule likibidi kuondoka, hata kwa sababu ya haki kabisa, kuna kazi inayotangulia: kuchora ramani yake, kupima kuta na mihrabu, kupiga picha kila upande, kunakili maandishi, na kuchimba kidogo chini ya sakafu kwa uangalizi wa wanaojua. Kisiwani Pate, katika mji wa kale wa Shanga, wachimbaji walipochunguza chini ya msikiti wa Ijumaa walikuta misikiti mingine chini yake, mmoja juu ya mwingine, ya kwanza ya miti na udongo, ikirudi nyuma hadi karne ya 8. Mengi tunayoyajua leo kuhusu Uislamu ulivyoingia pwani hii yanatoka katika sakafu za namna hiyo. Chini ya sakafu yetu palikuwa na nini? Katapila ilipiga jino mara moja na udongo wote ukachanganyika. Swali hilo halitajibika tena na mtu yeyote, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa.

4. Mlango, mihrabu na mawe

Mlango uling'olewa kwanza, kabla ya jiwe lolote kuguswa, ukapakiwa kwenye gari. Anayeng'oa mlango kwa uangalifu kiasi kile anajua thamani yake. Haujaonekana tangu siku hiyo. Bakuli za kaure zilizokuwa zimepachikwa ukutani nazo hazipo. Mawe ya kuta yalisombwa na malori, mengine yakamwagwa kufukia mashimo ya barabara iendayo ufukweni. Nilipita kwenye kifusi hicho nikakiona kipande cha ile kamba ya mihrabu, kimevunjika kwenye pembe, chokaa nyeupe bado imeng'ang'ania ndani ya mikato. Wenzangu wamekiokota pamoja na vingine walivyoviona, na vimehifadhiwa. Masheikh wetu, wanazuoni wanapozungumzia vifaa vya msikiti ulioanguka huvielekeza kwenye msikiti mwingine. Hakuna niliyemsikia akivielekeza barabarani au sokoni. Kama mlango uliuzwa, fedha yake iliingia daftari gani?

5. Makaburi

Upande wa kibla, nje ya ukuta, kuna makaburi, na mawili yana viunzi vya chokaa. Mchoro wa jengo jipya ambao baadhi yetu tumeuona unafika juu yake. Hatukuelezwa lolote kuhusu jambo hili. Tunataka maelezo kabla jembe halijagusa pale.

Najua kuna majibu yatakayotolewa, maana mengine tumekwisha yasikia pembeni. Nitayachukua moja moja, kwa sababu baadhi yake yana ukweli ndani na hayastahili kupuuzwa.

Mnasema msikiti ulikuwa mdogo. Ni kweli. Ijumaa watu walisali njiani juani, na kina mama hawakuwa na mahali pa maana. Hakuna kati yetu aliyepinga nafasi zaidi. Lakini kiwanja cha nyuma, ambacho ni cha wakfu huohuo, kilikuwa wazi, na ukumbi mpya ungeweza kuunganishwa na ule wa zamani kwa mlango mmoja. Madina kwenyewe, ambako Msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, umepanuliwa mara nyingi hata ukameza mji wa zamani uliouzunguka, ile sehemu ya mbele iliyojengwa na Sultan Abdulmajid katikati ya karne ya 19 ingali imesimama na imamu husali ndani yake. Ukubwa umepatikana na ya zamani imebaki.

Mnasema kibla chake kilikuwa kimepinda. Misikiti mingi ya zamani ya pwani hii haikuelekea kibla sawasawa na vipimo vya leo, na wanaosali humo wanalijua hilo. Dawa yake inajulikana pia: zulia lenye mistari linatandikwa kwa mshazari, safu zinafuata mistari, na swala inaendelea. Mnasema nguzo zilikata safu, moja ikasimama mbele kabisa ya mihrabu. Ndivyo misikiti mingi ya enzi ile ilivyojengwa. Boriti ya mkoko haivuki upana wa zaidi ya mita mbili na nusu, tatu ukijitahidi, kwa hiyo aliyetaka ukumbi mpana alilazimika kuweka nguzo. Ukumbi mpya usio na nguzo ungejengwa uwani, na ule wa zamani ungebaki wa chuo na swala za siku za kawaida.

Mnasema kuta zilikuwa na nyufa, jengo lingeua watu. Hapa naomba nivumiliwe, kwa sababu jambo hili linahusu kila msikiti wa mawe uliobaki katika wilaya hii. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, na chokaa huuachia utoke. Ndiyo maana kuta zile zilikaa vizazi na vizazi na mvua zote za masika. Miaka iliyopita, kwa nia njema kabisa, ukuta wetu ulipigwa plasta ya saruji ndani na nje. Saruji hufunga. Unyevu ukabaki ndani, chumvi ikajikusanya, plasta ikaanza kuvimba na kudondoka vipande, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zikaoza bila mtu kuona mpaka dari ilipoanza kushuka. Kila dari ilipovuja tukaongeza saruji. Nyufa mlizotuonyesha mwaka huu zilitokana na matengenezo, na tiba yake ilikuwa kuibandua saruji, kubadilisha boriti na kurudisha chokaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, na mahali hapa ufa ulikuwa unazibika.

Wala msituambie kazi hiyo hakuna anayeiweza. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, pamoja na ule Msikiti Mkuu ambao sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 na 12, yaliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo baada ya kuta kukarabatiwa. Wakazi wa hapohapo walishiriki kazi hiyo. Kizimkazi Dimbani, Unguja, kuna mihrabu yenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladi. Jengo lilijengwa upya sehemu kubwa katika karne ya 18, leo limeezekwa bati, na watu wanasali. Msikiti wa Mandhry mjini Mombasa unatajwa kuwa wa mwaka 1570 hivi na adhana inatoka humo kila siku. Shela, kule Lamu, wanasali katika msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829 chini ya mnara wake wenye umbo la pia. Wenzetu hawa si matajiri kutuzidi.

Mnasema mfadhili alitaka jengo jipya, akakataa kutoa fedha ya ukarabati. Mfadhili tunamshukuru na tunamwombea kheri. Lakini anayetoa sadaka kwa msikiti hapati kwa sadaka hiyo haki ya kuuvunja, na sidhani kama aliwahi kuelezwa kwamba mahali anapotaka kujenga pana jengo la umri ule. Tunaomba tuonane naye. Naamini akielezwa ataelewa haraka kuliko mnavyodhani.

Wapo wanaosema kuhifadhi majengo ni kuyatukuza, na kwamba kutukuza mawe kunakaribia shirki. Nalichukua jambo hili kwa uzito kwa sababu ni la imani. Hakuna kati yetu aliyeomba chochote kwa jiwe. Mtu anayetunza hati ya wakfu ya babu yake haiabudu karatasi. Anaitunza kwa sababu ina haki za watu ndani yake, na jengo lile lilikuwa na haki za watu ndani yake, waliokufa na watakaozaliwa.

Na wapo wanaosema wazee wetu nao walibomoa wakajenga upya, kama Shanga nilivyoitaja mwenyewe. Ni hoja nzuri kuliko zote, na nimeifikiria sana. Wazee walipojenga upya walijenga juu ya ule wa zamani, kwa mawe na chokaa ya bahari ileile, na mafundi waliojua kazi walikuwa hai, wakiwafundisha wanao. Kilichovunjwa kiliweza kufanywa tena. Leo aliyechonga kamba ile ya mihrabu hana mrithi katika mji huu. Tanuu la mwisho la chokaa lilizimika tukiwa watoto. Tunapovunja sasa tunavunja tusichoweza kukirudisha, na ndiyo maana tulistahili kuulizwa.

Mwisho mtasema maji yamekwisha mwagika. Kuta zimeanguka, ndiyo, lakini si kila kitu kimekwisha, na kwa kilichobaki tunaomba haya:

(a) Kazi ya msingi isimamishwe mara moja, mpaka wataalamu wa mambo ya kale wafike, wakague kiwanja na kuandika kilichobaki chini ya ardhi. Zege halijamwagwa bado. Kusubiri wiki chache hakutamdhuru mtu.

(b) Mlango na fremu yake virudishwe, popote vilipo. Atakayevirudisha kwa hiari tutampokea kwa heshima na hatutauliza mengi. Vipande vya mihrabu vilivyo mikononi mwa watu vikusanywe pamoja na vile tulivyohifadhi sisi.

(c) Jengo jipya liwekwe mlango ule mahali pa kuingilia, na mihrabu ya zamani iungwe na kupachikwa ukutani, hata kama si mahali pa imamu kusimama. Mchoro ubadilishwe ili makaburi yabaki nje na yazungushiwe uzio.

(d) Kamati iwasomee waumini muhtasari wa kikao, hati ya wakfu, makubaliano na mfadhili, na hesabu ya kila kilichouzwa. Yasomwe msikitini, baada ya swala ya Ijumaa, kwa kipaza sauti.

(e) Ofisi za wilaya ziandae orodha ya misikiti yote ya mawe iliyobaki katika wilaya, zipime na kupiga picha kila mmoja, na kibali chochote cha ujenzi katika viwanja hivyo kisitoke bila mtaalamu wa mambo ya kale kutia sahihi. Nataja hili kwa haraka ya makusudi: tunafahamu msikiti mwingine, mkongwe kuliko wetu, ambao kamati yake imekwisha anza kuchangisha fedha za saruji.

(f) Vijana wa mji huu wapelekwe wakajifunze kazi ya chokaa na boriti kwa mafundi waliofanya kazi Kilwa au Zanzibar. Nauli yao waumini tuko tayari kuichangia, na majina ya vijana wanaotaka kwenda tunayo.

Tunaomba jibu la maandishi, na kikao cha hadhara kabla ya zege kumwagwa. Tutafika wote, wake kwa waume, na tutakaa kwa adabu. Pasipopatikana jibu, tutapeleka malalamiko haya kwa kadhi na mahakamani, pamoja na picha za zamani ambazo familia kadhaa zimetupatia, zilizopigwa siku za nikaha na maulidi, ambamo mlango na mwaka wake vinasomeka waziwazi.

Wabillahi tawfiq.

Wenu katika Uislamu,

Muumini na mkazi wa mtaa,
pamoja na waumini waliotia sahihi katika karatasi zilizoambatanishwa.